Lazima, naweza, nataka: kuisema siku yako kwa Kifaransa



Leo naanza na malalamiko. Kuna mtu mmoja ambaye kila aliyewahi kukaa darasa la Kifaransa anamfahamu, ingawa jina lake hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Mtu huyu huamka saa moja kamili asubuhi. Hunawa, huvaa, hunywa kahawa, huenda kazini, hula mchana, hurudi nyumbani, hutazama televisheni, hulala. "Je me lève à sept heures. Je me lave. Je m'habille. Je prends le petit déjeuner." Basi halijawahi kumwacha. Maji hayajawahi kukatika kwake. Mtoto wake haugui, bosi wake hampigii simu usiku, na mvua ya masika haimhusu. Ni mtu asiyelazimishwa na kitu, asiyeshindwa na kitu na asiyetaka kitu. Wewe unamjua mtu wa namna hiyo? Mimi simjui, na hata huko Ufaransa hayupo.

Wenyewe Wafaransa, wakazi wa Paris hasa, wana msemo wa kuifupisha ratiba yao: métro, boulot, dodo. Treni ya chini ya ardhi, kazi, usingizi. Hauna kitenzi hata kimoja, lakini yeyote anayeusikia anajua kwamba msemaji analalamika. Yule wa kwenye kitabu halalamiki. Na mwanafunzi wetu anamkariri, anapata alama zake, halafu siku akikutana na mtu wa kweli anayeongea Kifaransa anakwama baada ya sentensi ya pili. Maneno ya kuamka na kuoga anayo. Anachokosa ni namna ya kusema kwamba ameamka kwa sababu imembidi, kwamba kuoga hakuweza, na kwamba alichokuwa anakitaka ni kulala tena.

Dawa yake ni vitenzi vichache, na ndivyo nilivyowaletea leo. Devoir, kwa yale yanayotulazimu. Pouvoir, kwa tunayoyaweza au tunayoruhusiwa. Vouloir, kwa tunayoyataka. Savoir, kwa tunayojua kuyafanya. Na kuna falloir, ambacho hakina nafsi nyingine yoyote ila "il": il faut, inabidi. Ukiwa na hivyo vitano, ile orodha ya vitendo inageuka kuwa maisha ya mtu.

Tumchukue dereva wa lori la transiti. Mzigo wa Kongo umekuwa ukipita bandari ya Dar es Salaam tangu zamani, kabla hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Dereva wetu amepanda mlima wa Kitonga, amemaliza foleni ya mpaka wa Tunduma, ameivuka Zambia, na sasa yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Akifika Lubumbashi, Kiswahili chake kitamtosha sokoni na kwa mama lishe, ingawa atacheka kidogo na watu wa huko watamcheka kidogo. Lakini karatasi za ofisini ni za Kifaransa, na afisa aliyeketi nyuma ya meza huenda akamuuliza kwa Kifaransa amefika saa ngapi na anaondoka lini. Sasa msikilize dereva akiieleza siku yake.

"Je dois me lever à quatre heures." Lazima niamke saa kumi alfajiri. "Il faut faire la queue." Inabidi kupanga foleni. "Je dois attendre les papiers." Lazima nisubiri karatasi. "Je ne peux pas laisser le camion." Siwezi kuliacha gari. "Je veux arriver à Lubumbashi avant la nuit." Nataka nifike Lubumbashi kabla ya giza. Na ile ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote: "Le soir, je peux enfin me laver." Jioni ndipo naweza kuoga.

Linganisha na toleo la kitabuni: naamka, nasubiri, nafika, naoga. Vitendo ni vilevile. Ila katika toleo la dereva tumeuona mpaka, tumeuona mzigo usioachika, tumeona kwamba hata maji ya kuoga yana saa yake. Kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi hazifiki kilomita 100, lakini kwa dereva huyu siku nzima imo humo.

Kabla sijaendelea, tuzungumzie saa, kwa maana hapa Waswahili tunanaswa vibaya. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Mfaransa anaanza usiku wa manane. Quatre heures ni saa kumi alfajiri. Ukijisahau ukasema "dix heures" ukiwa na saa kumi kichwani, umejiahidi mahali saa nne. Na baada ya saa sita mchana Mfaransa wa stesheni, wa ofisini au wa redioni haanzi upya na moja. Anaendelea mbele: treize heures, dix-huit heures, vingt heures. Kwa hiyo "je dois être à la maison à dix-huit heures" ni kusema lazima niwe nyumbani saa kumi na mbili jioni. Toa sita, ongeza sita, fanya unavyofanya, lakini ifanye hesabu hiyo kabla hujafungua mdomo.

Sasa tuingie ndani ya vitenzi vyenyewe. Kwenye maandishi vinatisha. Je peux, tu peux, il peut, nous pouvons, vous pouvez, ils peuvent. Mkia wa x hapa, wa t pale, wa herufi tatu kule. Lakini hii ni redio, na redio ina faida yake: herufi hizo za mwisho hazitamkwi. Peux ya kwanza, peux ya pili na peut ya tatu ni sauti moja. Zinabaki sauti nne tu: peux, pouvons, pouvez, peuvent. Ndivyo ilivyo pia kwa dois, devons, devez, doivent. Na kwa veux, voulons, voulez, veulent. Tena mtaani watu hawasemi sana nous. Wanasema on: on peut, on doit, on veut, na maana yake ni sisi. Hapo hata pouvons inapumzika.

Sauti ya peux na veux haipo katika Kiswahili, na wengi wetu tunaitamka "pe" na "ve". Bana midomo kama unayetaka kusema "o", lakini ulimi uache pale unapotamkia "e". Peux. Veux. Ifanyie mazoezi ukiwa bafuni, siyo kwenye daladala, watu wasije wakakuhurumia.

Baada ya kitenzi hicho cha kwanza, kitenzi cha pili kinakaa kizima kama kilivyo kwenye kamusi. Je peux conduire, naweza kuendesha. Je veux dormir, nataka kulala. Hakuna "de" wala "à" katikati. Wanafunzi wengi huzipachika kwa sababu wamejifunza commencer à na finir de, wakadhani kila ndoa ya vitenzi ina mshenga. Hii haina. Ukikumbuka kwamba "kuendesha" inafuata moja kwa moja "naweza", basi na conduire inafuata moja kwa moja je peux.

Panapoleta tabu ya kweli ni kwenye vitenzi vya asubuhi: se lever, se laver, s'habiller, se coucher. Kiswahili kina "ji" yake, na "ji" yetu haibadiliki: najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha. Mtu akiwa na mazoea hayo anaifungua kamusi, anaikuta se lever, anaichukua hivyohivyo na kusema "je dois se lever". Utalisikia kosa hili kuanzia Arusha mpaka Mombasa. Ile "se" si mali ya kitenzi, inamfuata mtu. Je dois me lever. Tu dois te lever. On doit se lever. Nous devons nous lever. Vous devez vous lever. Na inakaa katikati, imeegemea kitenzi cha pili, siyo mbele ya dois. Sentensi ya aina hii irudieni kwa sauti na nafsi zote mpaka ulimi uchoke, kwa sababu ratiba ya asubuhi imejaa vitenzi hivi na hakuna pa kuvikwepa.

Tuje kwenye kukanusha. Hapa nitakaa kidogo, maana kuna mtego ambao umeshawakosanisha watu.

Ne na pas vinakumbatia kitenzi cha kwanza: je ne peux pas, je ne veux pas, je ne dois pas. Katika mazungumzo ya kawaida ne humezwa: "j'peux pas", "j'veux pas". Hilo ni rahisi. Mtego uko kwenye maana. Sisi tunasema "si lazima". Kesho si lazima uje mapema. Yaani ukija sawa, usipokuja sawa. Sasa mwanafunzi ameshajua kwamba il faut ni lazima, kwa hiyo anaikanusha kwa uhodari: "Il ne faut pas venir tôt." Masikini. Aliyemsikia ameelewa: usije mapema. Amekatazwa! Il ne faut pas ni marufuku, haifai, usithubutu. Vivyo hivyo "tu ne dois pas venir" ni hutakiwi kuja. Fikiria msimamizi wa hoteli anamwambia mfanyakazi mwenzake kutoka Bujumbura kwa nia njema kwamba kesho si lazima aje, na mwenzake anaenda nyumbani akijua kwamba amesimamishwa kazi.

Ukitaka kusema si lazima, tumia njia nyingine. "Tu n'es pas obligé de venir", hulazimiki kuja. Mwanamke utamwambia obligée, na obligé hii inataka "de" yake. Au "tu n'as pas besoin de venir", huna haja ya kuja. Au kwa wepesi zaidi, "ce n'est pas la peine", hakuna haja ya kujisumbua. Mimi ningependa kila kitabu cha Kifaransa kinachouzwa Afrika Mashariki kiliandike onyo hili kwa herufi nyekundu, kwa maana vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya mtu yeyote popote, na "si lazima" yetu havikuifikiria.

Tena angalia ne pas inapohama. "Je ne peux pas répondre", siwezi kujibu. "Je peux ne pas répondre", naweza nisijibu, nina ruhusa ya kutojibu. Tofauti hiyo Ufaransa imeingia mpaka kwenye sheria ya kazi. Tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao juu ya kile kinachoitwa droit à la déconnexion, haki ya kujitoa kwenye simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi. Mfanyakazi wa Lyon aliyetulia nyumbani saa mbili usiku, simu ikiwaka mezani, hasemi hawezi kujibu. Anasema anaweza asijibu. Le soir, je peux ne pas répondre. Sijui wangapi kati yenu, wasikilizaji, mnaweza kuitamka sentensi hiyo mbele ya mabosi wenu, kwa lugha yoyote.

Savoir na pouvoir havitusumbui sana, kwa kuwa Kiswahili kinavitenga vilevile. Je sais nager, najua kuogelea, nilifundishwa. Je ne peux pas nager aujourd'hui, leo siwezi, nina kidonda. Ila ukiongea na Mbelgiji utasikia "je ne sais pas venir demain" na maana yake ni siwezi kuja kesho, wakati mtu wa Paris akiisikia atashangaa inakuwaje mtu mzima hajui kuja. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, na Kifaransa cha huko kimebeba alama zao: sabini ni septante na tisini ni nonante, ambazo kwa maoni yangu zina akili kuliko soixante-dix na quatre-vingt-dix za Paris. Kwa hiyo usimrekebishe Mkongo haraka haraka. Huenda kosa liko kwenye masikio yako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niketi mbele ya kipaza sauti leo. Sisi tunafundishwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni sentensi ya Kifaransa, pembeni anaandika ya Kiingereza, na Kiswahili kinakaa nje ya dirisha. Katika vitenzi hivi tunavyoviongelea, huko ni kuzunguka mlima wakati mlango uko mbele yako.

Sikiliza. Nataka kulala. Mtu ni mmoja, anayetaka na anayelala, kwa hiyo tunasema "kulala". Nataka alale. Watu ni wawili, na kitenzi kinageuka, kinachukua "e" mwishoni. Kifaransa kinafanya hivyohivyo kabisa: je veux dormir, halafu je veux qu'il dorme. Inabidi niondoke: il faut que je parte. Lazima aende: il faut qu'elle aille. Ile "e" ya niondoke, aende, tufanye, ndiyo inayokaa mahali pale pale ambapo Mfaransa anaweka kile anachokiita subjonctif. Kiingereza hakina mazoea hayo kwenye "nataka alale", na ndiyo maana mwanafunzi aliyepitishwa kwenye Kiingereza anasema "je veux lui dormir" na kuonekana kituko. Mtoto wa Kiswahili ana subjonctif mdomoni tangu alipoanza kuombwa alete maji. Anahitaji tu kuonyeshwa.

Lakini vitabu huiweka mbali, mwaka wa pili au wa tatu, baada ya mwanafunzi kukata tamaa au kubadilisha kozi. Sababu ni kwamba imehesabiwa kuwa ngumu. Ngumu kwa nani? Vitenzi vingi vya kawaida vya -er, ukisema je, tu au il, vinasikika sawa na kabla: il faut que je travaille, inabidi nifanye kazi, hakuna kilichobadilika masikioni. Vinavyobadilika kweli na vinavyotumika kila siku ni vichache: que je sois, niwe; que j'aille, niende; que je fasse, nifanye; que je prenne, nichukue. Mfaransa anapotaka kuaga karamuni husema "faut que j'y aille", bila hata ile il, na maana yake ni inabidi niende sasa. Ni sentensi ya wiki ya kwanza hiyo. Mtu atawezaje kuishi kwenye lugha ambayo hajui kuaga ndani yake?

Na kama unadhani nimelazimisha ndoa hii, wasikilize watu wa Lubumbashi au Bukavu wanapochanganya lugha zao mbili: "il faut niende". Nusu Kifaransa, nusu Kiswahili, na viungo vimekaa bila kugombana. Wao hawakusubiri mwaka wa pili.

Tuelekee visiwani. Mhudumu wa hoteli Zanzibar ana ratiba yake na wageni wana yao, na vitenzi hivi ndivyo vinavyozipatanisha. "Je peux faire la chambre maintenant?" Naweza kufanya usafi chumbani sasa? "Vous pouvez prendre le petit déjeuner jusqu'à dix heures." Mnaweza kupata kifungua kinywa hadi saa nne. "Vous devez quitter la chambre à onze heures." Hiyo ni kali kidogo, kweli lakini kali, mhudumu mzoefu ataigeuza kuwa il faudrait, ingefaa. Hapa tunaingia kwenye adabu. Je veux un café ni nataka kahawa, na kama mtu aliyelelewa Unguja asivyoingia mgahawani akasema nataka maji, ndivyo Mfaransa naye asivyopenda kuisikia. Sisi tunasema naomba. Yeye anasema je voudrais. Na badala ya vous pouvez kuna vous pourriez, na badala ya tu dois kuna tu devrais, ungepaswa, ambayo ni ushauri na siyo amri. Mwenye kufanya kazi na wageni akiwa na je voudrais na vous pourriez tu, tayari ana heshima yake.

Devoir ina uso mwingine ambao vitabu vya mwanzo huuficha. Saa hizi baba atakuwa msikitini. Hatumlazimishi baba, tunakisia kwa kuwa tunaijua ratiba yake. "À cette heure-ci, mon père doit être à la mosquée." Doit hiyo ni "atakuwa" yetu. Kwa hiyo "elle doit dormir" inaweza kuwa atakuwa amelala, au inabidi alale, na ni mazungumzo yenyewe yatakayokuambia ni ipi. Ukiongelea ratiba za watu wengine, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzako, utaihitaji hii ya kukisia kuliko ile ya kulazimisha.

Kuhusu wakati uliopita nitasema kwa kifupi tu. "J'ai dû attendre", ilinibidi nisubiri, na nilisubiri kweli. "Je devais partir à six heures", nilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili, na hapo kila msikilizaji anangoja "lakini". Ni sentensi ya visingizio, na siku yoyote ya kawaida ina visingizio vitatu au vinne.

Kingine ni mazoea. Kiswahili kina "hu": huamka, huenda, hurudi. Kifaransa hakina kiambishi cha namna hiyo, kinaridhika na wakati uliopo na kuongeza d'habitude au tous les jours. Lakini kina ujanja mdogo kwenye siku za wiki. "Vendredi, je dois aller à la banque", Ijumaa hii lazima niende benki. "Le vendredi, je ne peux pas travailler à treize heures", kila Ijumaa siwezi kufanya kazi saa saba mchana. Le moja tu, na mara moja imekuwa kila wiki. "Le dimanche, je peux faire la grasse matinée": Jumapili naweza kulala mpaka jua liwe kali. Wenye watoto wadogo waikanushe wenyewe.

Walimu wa Kifaransa wana msemo wanaoupenda: quand on veut, on peut. Ukitaka, unaweza. Huusema mwanafunzi anapochelewa kuleta kazi ya nyumbani, ambayo kwa Kifaransa, kwa bahati, inaitwa les devoirs. Mimi nauona msemo wenyewe ni sarufi nzuri na habari mbovu. Dereva wa Kasumbalesa anataka kuoga tangu asubuhi. Je veux me laver, mais je ne peux pas: je dois attendre. Vitenzi vitatu, na kila kimoja kinavuta upande wake. Ukiweza kutunga sentensi ya aina hiyo kuhusu siku yako mwenyewe, umeshaondoka kwenye Kifaransa cha kukariri.

Kwa wale mnaojiandaa na mtihani wa Kifaransa wa DELF, ambao Ufaransa iliuanzisha mwaka 1985, neno moja. Katika ngazi ya A1, mazungumzo ya ana kwa ana huanza na maswali juu yako mwenyewe: familia, kazi, siku yako. Usimpe mtahini yule mtu wa saa moja kamili. Mwambie unalazimika kufanya nini, unaweza nini, unataka nini. "Je dois prendre deux bus. Je ne peux pas manger à la maison à midi. Je voudrais habiter plus près." Sentensi tatu fupi, hazina neno gumu hata moja, na tayari umemweleza unapoishi, unavyosafiri na unavyoota.

Basi usiku huu, kabla hujalala, chukua kalamu na uandike siku yako ya kesho kwa sentensi sita. Mbili za devoir, mbili za pouvoir na moja kati ya hizo iwe ya kukanusha, moja ya vouloir, na moja ianze na il faut que. Kagua saa zako zisije zikawa za Kiswahili. Kagua kama me, te na se vimemfuata mwenyewe. Halafu zisome kwa sauti, hata kama nyumbani watakuuliza una nini.

Na kwenu walimu nina ombi. Mpeni mwanafunzi dois, peux na veux katika wiki ya kwanza, pamoja na je me lève na siyo miezi mitatu baadaye. Il faut que isisubirishwe mwaka wa pili. Na mnapoieleza, tafadhali, andikeni ubaoni "inabidi niondoke", kwa Kiswahili, kando ya il faut que je parte. Watoto wataelewa wenyewe.